Karani Anayefunga Mizani Saa Saba

Saa saba kamili mchana, hata foleni ya magunia ikiwa imefika barabarani, Harithi anafunga mizani. Anavuta turubai, anaifunika, anachukua baiskeli yake na kuondoka. Wakulima wanapiga kelele. Wengine wametoka Kiegei tangu alfajiri, wengine Marambo, korosho zao zinapigwa na jua, halafu karani ndiyo kwanza anakwenda kula! "Roho yake kama ganda la korosho," wanasema, na wanayasema hayo akiwa bado hajapanda baiskeli, ili ayasikie.

Mwacheni, jamani. Mnamsema hamumjui. Miaka miwili tu iliyopita, msimu kama huu, hakuna karani aliyependwa na wakulima wa Nachingwea kama yeye, na huko kupendwa ndiko kulikomponza.

Harithi ni mtoto wa hapahapa, Mmwera, baba yake alikufa na panga mkononi akipalilia mikorosho. Alianza kazi kwa kubeba magunia kwenye ghala la korosho. Kwa kuwa alikuwa na kichwa chepesi cha hesabu na mkono mzito wa kuiba, wakamweka kwenye mizani. Mwaka mmoja alipelekwa Ruangwa kupima ufuta, huko Mbekenyera akamwona Faudhia, msimu ukaisha na yeye akatafuta visingizio vya kubaki. Walioana. Mungu hakuwajalia mtoto. Wenye watoto wana kelele za kuijaza nyumba. Hawa wawili walikuwa na chakula cha mchana.

Usicheke. Nasema kweli. Asubuhi Harithi aliondoka na chai kavu ya mkandaa tu, usiku alirudi amechoka hata kuzungumza ni shida. Mchana ndio ulikuwa wao. Saa saba alimpigia simu mkewe, "Niko njiani," na Faudhia hapo ndipo aliposonga ugali, asiusonge kabla, maana ugali uliopoa aliuona ni ugali wa mgonjwa. Kwa baiskeli ni mwendo wa robo saa. Kengele ikilia nje, ugali umepakuliwa, umefunikwa kawa, maji ya kunawa yako tayari. "Karibu, karani wangu," atasema, "leo nipime na mimi, nimenenepa au nimekonda?" Walikula kisamvu, walikula mbaazi, siku mbaya walikula chumvi na pilipili, lakini walikula pamoja. Faudhia hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla ya mumewe. "Chakula ukila peke yako ni dawa tu," alikuwa akisema.

Kisha akaja kuugua kweli. Sukari. Akaandikiwa sindano, na ile ya mchana ndiyo iliyokuwa na masharti. Nesi aliwaita wote wawili akawaambia bila kuzunguka: "Mama, ukishachoma, isipite nusu saa hujala. Usipokula, sukari inashuka, unaweza kuzimia usiamke. Baba umesikia?" Baba alisikia. Friji hawana, kwa hiyo kichupa cha dawa kilikaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji nyuma ya mlango. Na Faudhia, mwanamke wa utaratibu, akapanga yake: simu ikilia, karani akisema yuko njiani, yeye anajichoma sindano, anasonga ugali, mume anafika, wanakula. Mambo yalikwenda hivyo mwaka mzima, sawia kabisa.

Ukaja msimu ule. Mikorosho ilizaa mpaka watu wakaogopa. Mizani ya pili ghalani ikaharibika, ikabaki ya Harithi peke yake. Mtunza ghala, Elineema, kijana wa Kipare mwenye adabu zake, hakumzuia mtu kwenda kula. Alimwambia kila siku: "Mzee wangu, sheria inakupa saa nzima. Nenda nyumbani." Na karatasi ya saa za mapumziko ilibandikwa ukutani, imegongwa na muhuri. Lakini nani alikwenda? Wabeba magunia walikula maandazi wamesimama, gunia begani. Dereva wa lori alikula karanga akiwa ameshika usukani. Nakuuliza wewe unayesoma, mara ya mwisho umekaa ukala ukashiba ukanawa mchana wa kazi ni lini? Saa ya kula imebaki ukutani.

Harithi naye akashindwa kuinuka. Utainukaje ukafuate ugali wako, na mbele yako kuna mzee amelala juu ya gunia tangu jana? Aibu ilimkalisha. "Nimalizie huyu," akajisemea, na nyuma ya huyu kuna yule. Lakini saa saba ilipofika, mkono wake ulishazoea, akapiga simu. "Niko njiani," alisema, na yuko amekaa.

Hakuwa mwongo. Nani kati yetu hasemi hivyo? Fundi yuko njiani, mgeni yuko njiani, bwana harusi yuko njiani na bado anaoga. Ni neno la kumtuliza mtu, hatulihesabu kuwa uongo. Kosa la Harithi ni kulipeleka kwenye nyumba ambamo neno hilo lilikuwa linafungua sindano.

Utasema, si angemwambia tu, "Kula, usiningoje"? Ndiyo, angesema. Lakini huku kwetu mume akimwambia mkewe kula usiningoje, mke anasikia kingine: kuna mahali anakokula huyu. Ndoa ngapi zimevunjika kwa maneno hayo mawili! Faudhia hakuwa na mtoto, na shangazi za Harithi walikuwa hawajachoka kunong'ona kuhusu mke wa pili. Harithi aliapa moyoni kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwake ng'o, mkewe asije akalala na wasiwasi siku moja. Alimpenda kiasi hicho, maskini.

Kwanza alichelewa dakika kumi, kisha ishirini. Siku moja alichelewa karibu saa nzima, akamkuta Faudhia anatetemeka, jasho linamtoka, macho yamelegea. Alimnywesha maji ya sukari. Alipozinduka mkewe, Harithi akafoka, "Si ungekula, Faudhia! Si ungekula!"

"Nitakulaje," mkewe akamjibu taratibu, "na wewe umesema uko njiani?"

Harithi akamshika mikono. "Kuanzia leo, nikisema nimetoka, ujue nimetoka. Nikishapanda baiskeli ndipo nakupigia. Umesikia?"

"Nimesikia, karani wangu. Mizani yako haijawahi kunidanganya." Akacheka, wakala.

Ahadi ile ilishika wiki tatu. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa saba Harithi alifunika mizani, akaenda kwenye baiskeli, akaweka mguu juu ya kanyagio, akapiga simu. "Nimetoka, Faudhia. Niko njiani." Na kweli, alikuwa ametoka. Akasukuma baiskeli mpaka getini.

Getini lilikuwa linaingia trekta la Kiegei, na nyuma yake mzee Shaibu, rafiki wa marehemu baba yake, mguu umefungwa kitambaa, anachechemea. "Mwanangu Harithi," akasema, "nipimie tu haya sita, trekta si langu, linarudi." Magunia sita! Ni dakika ngapi? Harithi alitazama saa. Mzee huyu alimbeba mgongoni utotoni. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akafunua mizani. Kupiga simu tena aliona haya, ataonekana amevunja ahadi, na aliamini atamaliza kabla ya ugali kuiva. Gunia la tatu lilikutwa na unyevu, likaleta ubishi, likamwagwa, likachambuliwa juani. Wengine nao wakaona mizani iko wazi, wakasogea. "Na mimi, baba." "Na mimi tu."

Zaina, jirani, alikuja kuomba chumvi saa saba na nusu. Ni yeye aliyesimulia baadaye. Alimkuta Faudhia amekaa mkekani, ugali umefunikwa, anajifuta uso kwa kanga. Zaina akadhani ni joto la jiko. "Karibu tule, jirani," Faudhia akamwambia. "Mume wangu yuko njiani." Zaina akashukuru, akachukua chumvi yake akaondoka.

Harithi alifika saa tisa kasoro. Alipiga kengele, kimya. Akaingia kwa kunyata kama mtoto aliyekosa, akamkuta mkewe amelala ubavu pale mkekani, kanga imefunika uso, mkono mmoja uko karibu na kawa. Moyo ukamtulia. Afadhali amelala, akawaza, hasira zitakuwa zimepoa. Akanawa. Akakaa. Akafunua chakula, kisamvu na ugali, haujaguswa, umekauka juu. Akamega tonge, akalishika, akamgusa begani.

"Faudhia, amka tule. Nimefika."

Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, tonge bado limeganda kwenye vidole vya mkono wa kulia. Hospitali hawakuchukua muda mrefu kumwambia. Alilia pale koridoni mtu mzima yule, akalia bila haya, akigonga kichwa ukutani na kusema, "Nilikuwa getini. Nilikuwa tayari getini."

Kesho yake walimpeleka Faudhia kwao Mbekenyera kuzikwa, ndivyo ndugu zake walivyotaka. Harithi alikaa nyuma ya lori dogo, kando ya jeneza la kuazima la msikitini, mkono juu ya ubao kila lilipotikisika. Walipopita Ruangwa mjini tairi likapasuka. Wakakaa kando ya barabara wakisubiri jeki. Jua lilikuwa la saa saba. Simu ikalia. Alikuwa Abdala, kaka yake Faudhia.

"Shemeji, mmefika wapi? Kaburi liko tayari. Watu wamejaa hapa, tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni, wanawangoja nyinyi."

Neno lilimjia Harithi lenyewe, lile la siku zote, likafika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza. Alitazama tairi, akatazama jeneza.

"Tumesimama, Abdala. Hatujui tutafika saa ngapi."

"Basi tutawangoja."

"Hapana," Harithi akasema. "Kuleni. Nakuomba, kaka, wape watu chakula. Kuleni, msitungoje."

Abdala akadhani hakusikia vizuri, maana tangu lini watu wakala kabla ya kuzika. Na Harithi, simu bado iko sikioni, akainama juu ya ubao akawa anarudia kwa sauti ya chini, si kwa Abdala tena: "Kula, Faudhia. Kula, mke wangu, usiningoje."