Glavu ya Mkono wa Kulia

Mama yangu aliungua bila kujua. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi mikononi, na siku hiyo, nyumbani Igalula, aliepua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu. Kilichomshtua ni harufu, si maumivu.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, kwenye maabara inayotengeneza utando wa plastiki, mwembamba na laini, unaotoa umeme kidogo joto linapobadilika. Ukiusogeza karibu na kitu cha moto, utando unahisi joto hata kabla ya kukigusa. Nikaamua kumshonea mama glavu yenye utando huo vidoleni, itetemeke kama simu akikaribia moto.

Nilipokwenda likizo, nilichora kiganja chake cha kulia kwenye karatasi. Akacheka. "Unanipima sanda?"

Kazi ilinichukua miezi. Nilikuwa nayeyusha unga wa plastiki, naumimina juu ya kioo, naukausha, nauvuta taratibu, kisha nauwekea umeme mkali ungali moto, nauacha upoe kabla sijazima. Mara nyingi umeme uliutoboa, nikaanza upya. Siku uliponikubali, nilisogeza kiganja changu na mstari kwenye kompyuta ukaruka. Nilishona glavu, nikakata tiketi ya treni.

Dada yangu alinipokea stesheni ya Tabora. Badala ya kunipeleka nyumbani, alinipeleka Kitete, hospitalini.

"Kile kidonda cha kuungua kilioza," aliniambia njiani. "Mama alitukataza kukwambia. Alisema umalize kwanza kazi yako."

Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa chini kidogo ya kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeileta?"

Sikutaka kuitoa. Akasisitiza. "Ivae wewe basi, nione."

Nikaivaa, nikaisogeza kwenye kikombe chake cha uji. Ikatetemeka. Akaniomba nimwekee shavuni aisikie, nikaisogeza tena kikombeni, nikairudisha upesi usoni pake ikiwa bado inatetemeka. Alifumba macho.

"Kumbe kweli inafanya kazi," alisema.

Kisha akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Dada akatoka nje. Mimi nilibaki nimesimama, glavu ikiwa bado mkononi, sijui niivue au nimshike nayo.

Nilimwahidi ya kushoto. Alifariki kabla ya mvua za kwanza, nikiwa nimeshamimina utando wake. Tulimzika Igalula, kando ya shamba lake la karanga.

Wenzangu wa maabara walinipa pole, wakaniuliza kama nitaweza kuendelea. Naendelea. Utando naumimina, naupima, nawapa wengine washone. Kushona ndiko sijaweza.