Saruji ya Nyamburi Iliyolala Murangi

Nyamburi hanunui kitu kwa bei ya kwanza, hata chumvi. Ana duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, hapa Musoma, na alilianza na benchi moja la misumari nje ya fremu ya mtu mwingine. Mumewe alipofariki watu walisema duka litafungwa. Halikufungwa.

Kwao ni upande wa Butiama, kwenye boma la ng'ombe, na huko ndiko alikojifunza kulinda mali. Baba yake hakuwahi kulaza ng'ombe wote zizini kwake. Wengine aliwapeleka kwa marafiki, huyu wawili, yule watatu. Rafiki anakunywa maziwa, mali inabaki ya mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi kundi. Na ng'ombe akifia kwa rafiki, rafiki analeta ngozi, mwenye mali anaitazama, maneno yamekwisha. Hakuna kesi.

Basi Nyamburi akaifanya saruji kama ng'ombe. Lori likishusha mzigo, nusu inaingia ghala la Nyakato, nusu inakwenda kulala Murangi, kwenye stoo ya Magesa, rafiki wa marehemu mumewe, anayeuza nyavu na kamba kando ya ziwa. Magesa akiuza mifuko huko, anapata chake.

Mpango mzuri. Ila benki ilipomkopesha kwa dhamana ya nyumba yake, ile anayoishi na binti yake Wegesa, ilimtaka akate bima ya duka. Akakata: jengo na bidhaa, moto na dhoruba. Mkataba wenyewe aliusoma kwenye ada tu, akabishana na wakala mpaka wakala akavua koti. Palipoandikwa bidhaa zinakaa wapi, pameandikwa Nyakato. Murangi haikutajwa, na yeye hakuuliza.

Mwezi wa nne dhoruba ikatoka ziwani. Nyakato iling'oa mabati ya upande mmoja, mvua ikaloanisha mifuko iliyokuwa chini yake. Murangi ilibeba paa zima. Na saruji ikishalowa haisubiri ushauri wa mtu.

Siku ya pili Magesa akaja na bodaboda, amepakia mfuko mmoja ulioganda. Akaubwaga mbele ya duka.

"Shemeji, ngozi hii hapa."

Nyamburi akaugonga kwa ufunguo. Ukalia kama jiwe. "Yote iko hivi?"

"Yote. Ungekuwa unajenga ngome ningekupongeza."

"Usinichekeshe, shemeji. Ile ndiyo ilikuwa ya kulipia benki."

"Ndiyo maana nimewahi. Mtu wa bima anakuja lini?"

"Kesho."

Magesa akasogea, akapunguza sauti. "Leo tukodi fuso. Tunaibeba yote, tunaipanga hapa chini ya hili tundu. Mvua ni ileile, saruji ni ileile. Nani atajua imenyeshewa wapi?"

"Na wabebaji utawaziba mdomo na nini?"

"Si vijana wa kwetu wale?"

"Ndiyo maana nauliza."

Usidhani hakutamani. Bila fidia ya Murangi, rejesho la benki lilikuwa linayumba, na nyumba ikiyumba nalo. Akaingia ndani, akauchukua ule mkataba, akausoma kwa mara ya kwanza ukurasa kwa ukurasa. Magesa akamaliza soda mbili.

"Haifai," akasema alipotoka. "Wakikamata uongo wa Murangi, hawakati Murangi peke yake. Wananinyima na ya hapa, paa na kila kitu. Na polisi juu. Niue ng'ombe mzima kwa ajili ya aliyekwisha kufa?"

"Kwa hiyo ngozi unaikataa?"

"Ngozi nimepokea, sikudai. Ila mimi na wewe hatujamalizana."

Mtathmini aliyetumwa na kampuni ya bima alikuwa dada mmoja anaitwa Penina, amevaa mabuti, hana maneno mengi. Alipiga picha paa, akainama kutazama vumbi la saruji lililoonyesha mifuko ilisimama wapi na ilikomea wapi.

"Mama, risiti zako ni za mzigo mkubwa kuliko huu. Mingine iko wapi?"

"Murangi. Imeganda yote. Na najua hamlipi, haimo kwenye mkataba."

Penina akamtazama vizuri. "Wengine wanatuleteaga mifuko kutoka kwingine. Tunaigeuza chini, tunakuta mchanga wa ziwa."

Magesa, aliyekuwa amesimama mlangoni, ghafla akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Fidia ya Nyakato ilitoka, paa na mifuko. Ya Murangi haikutoka. Nyamburi hakungoja benki imfuate. Alikwenda mwenyewe na barua ya fidia mkononi, akaeleza hasara ilivyo, akaomba marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi. Alitoka na muda. Riba walimwongezea kidogo, akabishana nayo, safari hii akashindwa. Nyumba ikabaki yake.

Kisha akampigia Magesa. Masharti: Murangi inaingia kwenye mkataba wa bima, ada wanachangia, saruji inapandishwa juu ya mbao, paa linafungwa upya. Na wao wawili wanaandikiana ni nani anabeba hasara gani.

"Tuandikiane?" Magesa akapandisha sauti. "Mimi na marehemu hatukuwahi kuandikiana kitu! Watu watasema nini?"

"Watasema tuna akili. Mimi nikifa, shemeji, Wegesa atakuja kwako na mwanasheria kutoka Mwanza. Utamwonyesha ngozi?"

Magesa akahamia kwenye bei. "Ada nachangia robo."

"Nusu."

"Theluthi, na fuso la kubeba mzigo ni juu yako."

"Theluthi. Fuso nusu kwa nusu."

Penina alipokwenda Murangi kukagua, alimkuta Magesa juu ya paa anakaza nati, akiwafokea mafundi kwamba mabati yamelegea. Mzigo mpya ulifika wiki hiyohiyo. Mpaka jioni ya siku hiyo Magesa alikuwa ameshauza theluthi ya mzigo, kwa bei ambayo Nyamburi bado anasema ilikuwa ya kutupa.