Wimbo wa Mama Niliomfundisha Bahati Vibaya

Ipo siku moja ya Walikale ambayo ninaikumbuka kila ninapoona gitaa, mwanangu Neema, na leo nitakusimulia, ingawa nilikuwa nimeapa kufa nayo. Kaa. Sogeza kiti mbali na dirisha kidogo, maana jirani yangu ana masikio marefu na simwamini hata anaponisalimia. Na hiyo simu yako umeigeuza kifudifudi mezani. Sijui kama inarekodi au imelala tu. Iache hapo hapo nipate kuitazama.

Umekuja kuniaga. Kesho unapanda kwenda Goma kurekodi peke yako, kwa jina lako mwenyewe, halafu uzunguke na gitaa lako la roki Masisi yote mpaka Walikale, kama nilivyofanya mimi nilipokuwa na umri wako. Nimefurahi, sikufichi. Lakini jana kwenye uwanja wa parokia nilikuona ukiwageuzia wenzako mgongo ulipofika kwenye solo, wasione vidole vyako. Ulipomaliza ukalegeza nyuzi zote kabla ya kuliweka gitaa chini, ili mtu asijue umezifunga vipi. Nikaogopa kweli. Mchezo huo ninaujua, kwa sababu niliucheza mimi, na niliyemchezea ni baba yako.

Wewe unanijua kama mzee wa kutengeneza redio, mwenye mkono mbaya. Zamani Kitshanga nzima ilinijua kwa gitaa. Nilikuwa katika kundi la watu sita tuliokuwa tukipiga kwenye harusi, nikaona wenzangu wanakula jasho la vidole vyangu, nikaondoka. Nilitaka roki. Nilichana karatasi ya spika yangu kwa wembe ili sauti itoke inakwaruza, na watu walidhani chombo kimeharibika mpaka walipozoea. Nikarekodi kaseti ya kwanza Goma, katika chumba kilichozibwa kuta zake kwa magodoro. Redio ikaipiga, na kichwa changu kikavimba.

Hata anayejiita msanii wa peke yake hawezi kuwa peke yake kabisa, lazima awepo mtu wa kumsindikiza. Nikamchukua Bahati, baba yako, kijana wa Lushebere asiye na maneno mengi. Yeye alipiga gitaa la pili, na alibeba mgongoni betri ya gari iliyokuwa ikiwasha spika. Tulisafiri juu ya malori ya maharagwe na jibini. Pale Kirolirwe tulipiga kando ya malisho, siku ya soko, na kwa sauti ya kwanza tu ya gitaa langu ng'ombe wote wakatimka. Wachungaji wakaniamuru nizime hiyo mashine mpaka watakapowakusanya. Bahati alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi sikucheka, nilikuwa nikijiuliza ni nani aliyewatuma wale ng'ombe.

Usinicheke na wewe. Barabara zetu unazijua. Ukiulizwa unatoka wapi, unafikiri kwanza anayeuliza ni nani. Ukiulizwa kesho unapita njia ipi, unataja nyingine. Tulilelewa hivyo na tulipona hivyo, na silaumu mtu. Kosa langu ni kwamba nilishuka kwenye lori bila kuiacha ile shaka barabarani, nikaingia nayo ndani, nikalala nayo, nikala nayo sahani moja na mwenzangu.

Nikaanza kumchunguza Bahati. Alipenda kutazama vidole vyangu. Alikuwa na redio ndogo ya kurekodia na kaseti mbili tatu ndani ya mfuko wake, na kila nilipokaribia aliufunga. Alitoweka sokoni bila kuaga. Nikaanza kuvifunika vidole, kisha kulegeza nyuzi kila baada ya kupiga, kama wewe jana. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kundi Goma linamtuma.

Kitu nilichoogopea kuliko vyote kilikuwa wimbo mmoja. Mama yangu, bibi ambaye hukumwona, alikuwa akilima maharagwe kwenye miteremko ya Kirolirwe huku akiimba kwa pua, bila maneno. Kila alipofika mwisho wa tuta aliinua sauti juu, kama anayemwita mtu wa kilima cha pili, halafu alinyamaza kidogo akisubiri. Alikufa kabla sijapata hata kaseti ya kwanza. Nikautoa wimbo ule kichwani nikauweka kwenye gitaa, mpaka nikaweza kulifanya gitaa liinue sauti na kusubiri kama yeye. Huo ndio ungekuwa moyo wa kaseti ya pili. Sikuupiga mbele ya mtu hata mara moja, nilingoja siku ya studio.

Bahati alijua upo, maana niliwahi kujisahau nikautaja. Akaniuliza, tena kwa upole wake ule, "Kaka, ile wimbo ya mama yako utanifundisha siku gani? Weye ukigonjwa, nani atapiga?"

Mtu mwingine angesikia upendo hapo. Mimi nilisikia mwizi anayeuliza mlango uko wapi. Nikaamua kumtegea. Tulikaa siku mbili katika mji wa Masisi tukisubiri lori, na siku hizo mbili nikamfundisha wimbo wa mama, wote, isipokuwa kitu kimoja. Pale mama alipopandisha sauti, nikamfundisha ashuke. Nilijiambia kwamba siku nitakayousikia wimbo huo Goma, kwenye kaseti ya watu wengine, ukishuka mwisho wa tuta, nitakuwa nimemshika mwizi wangu kwa mkono. Nilijiona mwerevu, mwanangu, nilijiona mwerevu sana.

Alijifunza mpaka vidole vikamuuma. Aliposhika yote alinipa mkono kwa mikono miwili, macho yake yamelowa. "Aksanti, kaka. Leo njo naona unaniamini." Nikamtazama usoni nikajibu kwamba ndiyo.

Tukafika Walikale. Tulipokelewa na Papa Mateso, mzee wa kanisa aliyekuwa pia mwindaji, na tulimkuta akishona wavu wake wa kuwindia. Bahati alipokwenda kuoga mtoni nikamsimulia mzee ule mtego, nikitegemea anisifu, kwa kuwa mtu wa nyavu anajua mitego. Hakusifu. Aliacha kushona, akainua macho.

"Huku kwetu tukienda kuwinda, kila imbwa tunaifungia kengele mu shingo," akasema. "Mu pori huoni kitu. Kengele njo inakuambia mwenzako iko wapi. Weye umemufungia mwenzako kengele ya uwongo, halafu unangoja apotee ili useme alikuwa mubaya. Mutoto wangu, kabla ujue kama iko mwizi, weye umeisha kumuibia."

Nilikasirika. Nikaondoka pale nikijiuliza Bahati amempa huyu mzee nini mpaka amtetee. Unaona jinsi ugonjwa ule unavyokula? Kila anayekuonya anaingia kwenye orodha ya maadui.

Siku ya soko, jua likiwa juu, nikamwona Bahati amesimama kando ya lori la mfanyabiashara mmoja wa Goma. Alitoa kaseti mfukoni, akamkabidhi yule mtu, akamnong'oneza sikioni, na yule mtu akaiweka ndani ya koti. Damu ilinipanda. Nikamfuata nikamwita mwizi pale pale, mbele ya wauza ndizi na wanunuzi wao, na watu wakaacha shughuli zao kututazama. Akasema maneno matatu tu: "Kaka, uliza kwanza."

Sikuuliza. Ndiyo siku yenyewe niliyokuambia, na ndiyo maneno ninayoyasikia mpaka leo. Nikachukua magitaa yote mawili, betri na spika, nikapanda lori la kwanza lililoelekea Masisi, nikamwacha baba yako Walikale, na msitu wote ule kati yake na kwao, katika miaka ambayo mtu hakutembea peke yake humo. Hakunifuata. Alisimama tu akilitazama lori.

Kabla hatujafika, lori likateleza kwenye tope likalala ubavu. Mkono wangu wa kushoto ukabanwa kati ya pipa na ubao. Wengine walikufa siku ile, watu wasio na kosa lolote, kwa hiyo usidhani nakuambia kwamba niliadhibiwa, barabara ile haichagui mtu. Nakuambia tu kilichotokea. Vidole hivi viwili havikukunjika tena, na kaseti ya pili haikurekodiwa. Nikajifunza kazi ya redio. Mwaka mzima kila kaseti iliyotoka Goma niliisikiliza mpaka mwisho, nikiusubiri wimbo unaoshuka. Sikuusikia hata siku moja, na badala ya kujiuliza kwa nini, nikasema mwizi wangu ni mjanja.

Miaka ikapita. Vita vikatutoa Kitshanga na vitu vyetu vichwani, tukaja kambini hapa Lushebere. Asubuhi moja nikiwa natafuta kuni nikapita kando ya shamba, wanawake wanalima maharagwe, wanaimba kwa pua. Ulikuwa wimbo wa mama yangu. Nikasimama pale pale. Wakafika mwisho wa tuta, nikangoja wainue sauti, na wao wakashuka, wote pamoja, vizuri kabisa, wakageuka kuanza tuta jingine.

Nikamuuliza mwanamke mmoja mzee wimbo huo wameupata wapi. Alikuwa bibi yako, mama yake Bahati. Akanichukua mpaka kwenye hema lake, maana vita vilikuwa vimewatoa hata wenyeji majumbani, akanitolea kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa. Unajua zamani, kabla ya hizi simu, aliyekuwa mbali na asiyejua kuandika vizuri alirekodi sauti yake kwenye kaseti, akampa mtu wa lori aipeleke nyumbani. Tulizibeba hizo sisi sote. Hiyo ndiyo kaseti niliyoiona ikiingia kwenye koti Walikale. Redio yangu ilikuwepo, nikaiweka, nikamsikia Bahati kijana. "Mama, niko muzima. Usilie. Kaka yangu amenifundisha wimbo ya mama yake, ile hajafundisha muntu. Nakupigia, sikiliza." Halafu gitaa, na mwisho wa tuta, sauti ikashuka kama nilivyomfundisha.

Nililia mbele ya bibi yako, naye akadhani namlilia mama yangu.

Baba yako alikuwa hai. Alikuwa ametembea toka Walikale kwa wiki nyingi, akilala makanisani, na Papa Mateso ndiye aliyemsindikiza sehemu ya kwanza ya msitu. Alipoingia hemani akanikuta, hakutaja soko wala lori. Alikuwa na gitaa alilolitengeneza kwa debe na waya, akakaa, akaupiga wimbo wote. Alipomaliza akaniuliza, "Kaka, njo vile ulinifundishaka?"

Ningeweza kumwambia. Vidole vilikuwa vimekufa lakini koo langu lilikuwa zima, ningeimba kwa pua tu akasikia. Watu wa kambi nzima walikuwa wakiupenda wimbo ule, nikaona aibu. Nikajibu kwamba ndivyo hasa: "Njo vile." Alifurahi, mwanangu, alifurahi kama mtoto. Misimu miwili ya mvua baadaye homa ikamchukua, na wewe ulikuwa bado hujafikisha miaka mitano.

Sasa najua wimbo wa kwanza utakaorekodi kesho ni huo, kwa sababu ndio aliokuachia baba yako. Ndiyo sababu sikuweza kukubariki nikiwa nimefunga mdomo. Mwanangu, shaka ni ya barabarani. Itumie huko, na usione haya, mimi mwenyewe bado ninaitumia kwa jirani huyu. Lakini ukishuka na wenzako, ukakaa kula nao, uliza kwanza kabla hujahukumu. Waonyeshe vidole vyako. Waache wajue umefunga nyuzi vipi. Siku yako mbaya ikifika, kitakachobaki cha muziki wako ni kile ulichomfundisha mwenzako, hicho tu, na watu watakipenda na kukiimba hata kama ulimpa kwa hila. Mimi jina langu limebaki kwenye wimbo wenye uongo wangu ndani yake, na wanawake wa Lushebere wanaulimia.

Uzi wa nne wa gitaa langu ulikuwa mwembamba kama wa kwanza, niliukaza mpaka ukakaribia kukatika. Wa sita niliulegeza. Hiyo ndiyo siri yote iliyonifanya nimwache baba yako kwenye ule msitu. Wimbo wenyewe nitakuimbia sasa hivi, na mwisho wa tuta utasikia mama anavyoinua sauti na kusubiri. Ukitaka kuurekodi ukipanda, panda. Ukitaka kushuka, shuka kwa ajili ya baba yako aliyeupenda hivyo, ila usishuke kwa ajili yangu.

Sogea nikuwekee mkono huu mbaya kichwani. Mungu aliyemtembeza Bahati katika ule msitu akutembeze na wewe. Akupe mtu wa kukusindikiza, na akupe kumwamini kabla hujachelewa. Popote utakapopiga wasikie, na ukiita kilima cha pili kikujibu.

Haya, igeuze hiyo simu. Kama ilikuwa imelala, iamshe irekodi.