Kibali cha Kupiga Picha ya Moyo

“Ombi la Kibali cha Kupiga Picha, Kifungu cha Vyombo Vinginevyo.” Ndilo jina rasmi la jambo lililomkwamisha daktari wa moyo mbele yangu, kwenye kaunta ya forodha hapa Juba. Alikuwa na mashine ndogo ya kupimia moyo.

“Hii iko na skrini, inatoa picha,” alisema afisa. “Picha bila kibali, mafi, hakuna.”

“Ni ya moyo tu, afande. Kazi yangu miaka yote ni kutafuta jeraha la moyo kabla mgonjwa hajalisikia. Kuna mama anatumia dawa kali ya saratani, na kesho anaongezewa. Lazima nijue kama inamuumiza moyo.”

“Moyo ya huyo mama iko karibu na daraja? Ama kambi ya jeshi? Hizo ni marufuku kupigwa picha.”

“Iko karibu na mapafu.”

Foleni ilicheka. Afisa hakucheka, kanuni hazina mbavu.

Daktari akavuta kiti, akakaa, begi mapajani. “Siondoki. Nikupime wewe, ujionee kama kuna daraja.”

Afisa alijikagua kifuani. “Mtu wa sare hapigwi picha.” Akafikiri kidogo, kisha akalivua shati.

Nimesoma mengi kuhusu serikali na raia, ila sikuwahi kusoma serikali ikifungua vifungo. Aliutazama moyo wake ukidunda kwenye skrini, kisha akagonga muhuri.

Daktari alinisimulia baadaye yaliyofuata. Mama alipimwa jioni ileile. Moyo wake ulikuwa umeanza kudhoofika, naye hakuwa amesikia lolote. Dawa ya kesho yake ilisimamishwa.