Kliki Tatu kwa Mbegu ya Avoka

Asubuhi ya leo nimegombana tena na mwenzangu wa ofisini, na chanzo, kama kawaida, ni kipanya cha kompyuta. Alitaka kuhamisha aya moja kutoka juu ya ukurasa kuipeleka chini. Akaweka mshale kwenye herufi ya kwanza, akabana kidole, akaanza kuvuta polepole huku ametoa ulimi. Alipokaribia mwisho ukurasa ukamkimbia, akaachia, akaanza upya. Nikavumilia. Ukamkimbia tena. Hapo nikagonga meza kwa kidole, ta-ta-ta, nikapaza sauti: "Kliki tatu, papa! Kliki tatu tu, aya yote inashikwa!" Akaniangalia kana kwamba nimemtukania mama, kisha akaendelea kuvuta. Rafiki yangu, umeme wa Bunia unakatika kila siku, na bado kuna watu haujawafundisha kuharakisha.

Ila ile ta-ta-ta ilinirudisha darasani, mtaa wa Lumumba, mwaka wangu wa pili wa sekondari. Ratiba yetu ilikuwa na somo la informatiki. Kompyuta hatukuwa nayo hata moja. Usicheke. Tulikuwa na mwalimu, ubao, na chaki siku ilipopatikana. Mwalimu alituchorea skrini, akatuchorea kibodi, kisha akachora kipanya, na kwa kuwa ni panya, mkia akauweka nyuma, ukining'inia kuelekea chini ya ubao. Huo ndio uzi wake, alisema.

Kila mmoja alitakiwa kuja na kipanya chake, nasi tukaona hakuna kinachojaa kiganjani kama mbegu ya avoka. Unaianika juu ya bati mpaka ngozi yake ya kahawia ibanduke na yenyewe ipasuke katikati. Ufa ule ndio uliotenganisha kushoto na kulia. Nyuma unafunga kamba ya mgomba, basi, kazi imekwisha. Ubaya wake ni maji yake, yanayogeuka rangi ya kutu na kung'ang'ania shati jeupe la shule. Bibi yangu, aliyekuwa amekimbia vita huko Djugu na kuja kuishi nasi, ndiye aliyefua mashati yale, na alichoka nayo kabisa. "Panya gani iyi haina roho, haina meno, na bado inaharibu manguo?" aliniuliza, akirudi kwenye kinu chake cha sombe, yale majani ya muhogo. Nami nilifanya mazoezi hapo hapo jikoni, nikifuata mapigo ya mchi wake, huku harufu ya majani mabichi imejaa nyumba nzima.

Kwa maana mwalimu hakutufundisha kitu kingine zaidi ya haraka. Kliki moja, mshale umesimama. Mbili, umeshika neno. Tatu, umeshika aya. Ukitaka kipande kirefu, kliki mwanzo, shikilia Maj, yaani Shift, kliki mwisho, usivute kama mtu anayekokota mbuzi. Ukitaka maandishi yakue, shika Ctrl, zungusha gurudumu. Darasa zima tuligonga madawati kwa mbegu, na mwalimu wa darasa jirani akatugongea ukuta. "Courant ya hapa haiko ya baba yenu," mwalimu wetu alikuwa akisema juu ya umeme unaokatika bila kuaga. "Mufanye kazi mbele ikwende."

Karibu na vakansi kubwa, likizo ya mwisho wa mwaka wa shule, jirani mmoja wa shule, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, akakubali kutupokea. Tena akaahidi kwamba mwanafunzi wa kwanza atakayehamisha aya na kuihifadhi bila kusaidiwa, atakuja dukani vakansi nzima kujifunza kazi. Nafasi ile niliitaka kuliko nguo ya Noeli. Niliiota. Bibi alinipigia pasi shati lenye madoa machache.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jirani akawasha jenereta, mwenzetu wa kwanza akakaa, akakishika kipanya cha kweli jinsi tulivyofundishwa, mkia ukielekea tumboni kwake. Akisukuma mbele, mshale unashuka. Akienda kulia, unaenda kushoto. Vitufe viko chini ya kifundo cha mkono, havifikiki. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Jirani alicheka mpaka akatoka nje kufuta machozi, wala hakutusahihisha, maana sharti lake lilikuwa tufanye bila kusaidiwa. Mwalimu alisimama nyuma yetu anatoka jasho. "Mukia iko nyuma," alizidi kutukumbusha. "Mushike vizuri!"

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimechoka na mkia. Nikakigeuza kipanya. Nikasikia darasa zima likivuta pumzi. Mshale ukanitii. Kliki tatu, na aya yote ikawa ya buluu, rangi ambayo kwa mbegu ya avoka hatukuwahi kuiona. Nikawa naanza kuivuta niipeleke chini, mkono wa mwalimu ukanigusa bega.

"Acha mi nione kidogo," alisema.

Nikampisha, ningefanyaje? Akakaa. Kliki tatu, buluu. Akabofya pembeni, ikazimika. Kliki tatu, buluu tena. Neno moja, aya nzima, Maj, gurudumu, herufi zikavimba zikajaa skrini, naye anacheka peke yake bila sauti. Nikamwambia, "Mwalimu, zamu yangu." Hakusikia. Nikasema tena. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, skrini ikawa nyeusi. Esansi ilikuwa imekwisha.

Hakuna aliyehifadhi kitu, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi. Jirani alisema tungoje mwaka ujao, na kabla mwaka ujao haujafika aliuza mashine akafunga duka. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, nikamweleza bibi jinsi mtu mzima alivyonilia zamu yangu. Aliendelea kupepeta unga wake. "Uyu mwalimu naye iko mutoto wa mutu," alisema. Jibu lile lilinikera zaidi. Nilimnunia bibi, nikamnunia mwalimu mpaka mwisho wa shule.

Bibi hayupo tena. Mahali pa duka lile sasa wanauza vocha za simu. Mwalimu, nasikia, alirudi kwao Gety, analima. Nami nina kipanya mkononi kutwa, nimekizoea hata sikihisi tena, na hasira yangu bado ninayo, ila imehama mahali. Mtu yule alitufundisha kitu kwa usahihi, kliki kwa kliki, akiwa hajawahi kukigusa maisha yake yote. Sijui alijifunzia wapi, labda kwenye karatasi tu. Siku moja akakigusa, kwa muda wa esansi iliyobaki, huku mtoto amesimama nyuma yake akimdai zamu. Hasira inanipanda ninapofikiri kwamba, kati ya watu wote wa shule ile, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wa kwanza kukaa kwenye kile kiti alipaswa kuwa yeye.