Bakoki wa Uongo

Kiongozi wa bendi yetu alipotangaza kwamba tumepata kazi ya harusi Bungoma, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, wenzangu walipiga makofi. Mimi nilihesabu mwaka. Ulikuwa mwaka wa shufwa, na sikupiga makofi.

Kwetu, mwezi wa nane wa mwaka wa shufwa ni msimu wa tohara. Vijana huzunguka kwa jamaa zao wakigonga chinyimba, zile kengele za kushikwa mkononi, na nyuma yao hufuata umati wenye matawi na filimbi. Sina ugomvi na mila hiyo. Nilipita chini ya kisu, nikasimama wima, baba yangu akafurahi hadi akapoteza kofia yake. Lakini kuna umati mwingine ambao, ukishapandwa na mori, huanza kuuliza ni mtu mzima gani hapa jirani hajapita. Mpiga drams wetu hakuwa amepita. Kwao, mbali huko kaskazini, hakuna desturi hiyo, na aliwahi kuniambia hivyo kama mtu anayekuambia kwao hawali samaki.

Tulikuwa watu watano wa makabila matano, na wote tulikaa upande wa Kitale. Kiongozi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kiminini, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mpiga gita alikuwa fundi cherehani Mkongo. Mpiga tarumbeta alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na msikiti. Mpiga drams alichomelea madirisha na milango ya chuma Matisi, na Jumapili mashine zake zikilala tulifanyia mazoezi katika kibanda chake, tukinusa chuma kilichoungua. Mimi nilipiga besi. Tulipiga Afrobeat kwa namna yetu, wimbo mmoja robo saa, besi ikizunguka palepale hadi msikilizaji anasahau ilianzia wapi.

Katika muziki huo besi na drams hulala kitanda kimoja. Sisi wawili hatukuhesabu kamwe moja, mbili, tatu kabla ya kuanza wimbo. Yeye alinitazama, akainua kidevu kidogo, nami nikaingia. Wengine walitufuata.

Nilijaribu kuizuia kazi ile. Nilimwambia mwalimu mgongo wangu unauma.

"Si ni wewe hutuimbia kila siku ati Bungoma ni kwenu, watu ni wakarimu?" akaniuliza. "Sasa imekuwa nini?"

Sikuweza kumjibu bila kuanika mwili wa mwenzangu mbele ya watu. Nikaenda kwa mpiga drams mwenyewe, nikamkuta amevaa miwani yake myeusi ya kazi, nikamwambia msimu ni mbaya, abaki, tutatafuta mtu wa kushika drams siku moja. Alicheka.

"Bana, mimi naenda kupiga drams. Siendi kuoga mbele ya watu."

Basi tukaenda. Tangu tunateremsha spika uwanjani kwa wenye harusi, kila filimbi iliyolia mbali ilinigeuza kichwa. Niliogopa, na niliogopa kwa sababu maalumu, nitaisema. Bwana harusi alikuwa mpole, mahema yalikuwa meupe, mama mmoja alituletea kuku na ugali kabla hata hatujafunga nyaya. Yote hayo hayakunisaidia. Nilikula nikitazama lango.

Saa nane hivi, katikati ya wimbo wa tatu, zikaja chinyimba barabarani. Mpiga drams aliinamisha kichwa upande mmoja, namna afanyavyo akisikia kitu kitamu. Nikajua. Masikio yake hayajui kupita kitu bila kukiokota. Mkono wake wa kulia ukahamia kwenye kengele yake ndogo iliyofungwa juu ya drams, akaanza kuwajibu. Alikosea mara mbili, ya tatu akaipata sawasawa, na kengele za barabarani zikamjibu. Nilimtikisia kichwa aache. Alidhani namsifu, akaongeza.

Umati ukageuka ukaingia langoni. Walikuwa labda sitini, mtahiriwa mbele amepakwa majivu, matawi juu, vumbi. Walifurahi sana. Wakazunguka jukwaa letu wakicheza, wageni wa harusi wakainuka vitini, mwalimu akaimba kwa nguvu zaidi kwa sababu aliona sherehe imekolea. Mimi furaha yao ndiyo iliyonimaliza nguvu, maana miaka iliyopita, kwetu Tongaren, pia tulianza kwa kufurahi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Palikuwa na mpakiaji wa magunia aliyepanga chumba pale sokoni, mtu wa mbali, mkimya. Mtu fulani akasema huyo hajapita. Tulikwenda kumtoa mchana akiwa anakula, tukiimba. Aliponyanyuliwa, ndara zake zilibaki mlangoni, mtu akanitupia nizibebe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu siku ile, kubeba ndara na kupiga filimbi. Alinitambua, kwa kuwa alikuwa amempakilia baba yangu mahindi misimu miwili. "Kijana, si unanijua?" akasema. Nikapiga filimbi. Walichomfanyia sitakiandika. Baada ya wiki chumba kilikuwa kitupu, na ndara zilikuwa bado kwetu chini ya kitanda changu. Nikazitupa chooni.

Ndiyo maana nilipomwona kiongozi wa nyimbo wa umati ule, jamaa mnene wa makamo, anaacha kucheza na kumkaribia mpiga drams huku akimchungulia uso, niliacha kutazama lango nikamtazama yeye tu. Nilijua atauliza nini.

"Weh, unachesa kengere poa kuriko vijana wangu," akasema, bado anacheka. "Wewe ni wa wapi? Uritairiwa mwaka gani?"

Vijiti vikasimama hewani. Tarumbeta ikakatika. Ikabaki besi peke yake, maana vidole vyangu vilikuwa vinaendelea bila mimi. Vijana wawili wenye matawi walisogea nyuma ya kiti cha drams. Hawakumgusa. Walisogea tu, na nilikumbuka kwamba hata sisi tulisogea tu.

Nikaweka besi chini. Sijui nilivuka vipi zile nyaya. Nikamwambia yule jamaa kwa lugha yetu kwamba huyu ni bakoki wangu, yaani mtu niliyetahiriwa naye msimu mmoja, na hilo kwetu si neno la kuchezea. Bakoki ni zaidi ya ndugu. Anayelitumia kwa uongo anajichimbia kaburi, ndivyo tulivyoambiwa.

"Mwaka gani?"

Nikataja mwaka wangu.

"Mtahiri arikuwa nani?"

Nikamtaja aliyenitahiri mimi.

"Huyo si arikufa?"

"Alikufa. Tulimzika sote wawili."

Alinitazama machoni. Nilimtazama pia, kwa sababu nilijua ukiangalia chini umekwisha. Kisha akampiga mpiga drams begani kwa tawi, akasema bakoki wa mtu wa hapa ni mtu wa hapa, na akawageuza watu wake. Baba ya bwana harusi akawapa kuku mwekundu waende naye. Mwalimu akatuambia tuanze upya. Mpiga drams akanitazama, akainua kidevu, tukaingia. Tulipiga vibaya lakini hakuna aliyejua.

Tulirudi na pikapu jua likiwa bado lipo, wenzetu mbele, sisi wawili nyuma na vyombo. Tulipita Webuye, tukapita Misikhu. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti imefunguka. Mahali fulani kabla ya Kamukuywa akaongea.

"Uliwaambia nini?"

Nikamweleza, swali kwa swali, na majibu yangu. Nilitegemea anishike mkono. Nakiri nilitaka kushukuriwa.

"Ulijibu haraka sana," akasema. "Ulikuwa unajua watauliza nini."

"Ni kwetu."

"Hapana. Bwana harusi pia ni kwao, na hakusogea. Wewe ulijua wale wawili walikuja nyuma yangu kufanya nini. Nilikuona macho."

Ningeweza kumdanganya. Siku ile ulimi wangu ulikuwa umeshazoea. Lakini alikuwa amekaa hapo na mikono ile, nami nilikuwa nimechoka kuogopa, nikamsimulia Tongaren yote: chakula, filimbi, ndara, choo. Nilisema na lile swali ambalo yule mtu aliniuliza.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza.

"Alikuwa anampakilia baba yako?"

"Ndiyo."

"Misimu miwili."

"Ndiyo."

"Jina lake nani?"

Nilitafuta jina hilo kuanzia Kamukuywa hadi tulipomshusha mwalimu Kiminini, na sikulipata, kwa sababu halikuwahi kuwemo. Tulimwita wa magunia. Mpiga drams alingoja kwa uvumilivu, kama mtu aliyeuliza njia, kisha akageuka akaangalia mashamba ya mahindi upande wake.

Hakuacha bendi. Hakuwaambia wengine, na mimi sikuwaambia. Jumapili iliyofuata kibanda kilikuwa wazi kama kawaida, mpiga tarumbeta ameleta maandazi, Mkongo anakaza nyuzi. Nikavaa besi, nikamtazama nikingoja kidevu.

Yeye alikuwa anatazama ukutani. Aliinua vijiti, akavigonga kimoja kwa kingine, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kupiga pamoja akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Mwalimu aligeuka akashangaa kidogo. Nikaingia kwa wakati. Anahesabu hivyo hadi leo, na mimi naingia kwa wakati.