Siku Mama Alipotoa Ushahidi Kitale

Siku ile Kitale sikuketi hata mara moja. Wenye kesi zao walijikalia kwenye nyasi mbele ya ofisi ya DC wakitafuna miwa, nami nilizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mume wangu alikuwa amemwaga unga, na kazi ikienda, nyumba na mahindi yetu vilikwenda nayo, maana vyote vilikuwa kwenye ardhi ya Mzungu. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa ndevu.

Alikuwa nyapara wa shamba lile tangu kabla hatujaoana. Kosa lake? Mama yangu alitoka Kibabii kuja kututembelea, akaingia kuchuma pareto ili asikae bure. Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe, wala hawakai chumba kimoja. Mzungu akamwamuru apokee kikapu cha mama mkononi mwake. Mume wangu akaweka fimbo chini, akapotelea kwenye mahindi mpaka mama alipoondoka.

"Mimi hapana taka nyapara ya kukimbia mwanamke mzee," Mzungu alisema, akatufukuza jioni hiyo hiyo.

Sheria ilimtaka atoe notisi, na DC angeweza kutuacha mpaka tuvune. Lakini Mzungu aliapa kwamba mume wangu alitoroka kazi, na mtoro hapewi notisi. Wachumaji waliokuwa na mama siku ile, wenye watoto wa kulisha, walisema hawakuona kitu. Shahidi akabaki mama.

Alipoitwa, nilisimama dirishani nikamsikia akieleza yote polepole, bila woga, na mkalimani akimfuata neno kwa neno. Nikaanza kufurahi. Kisha askari akatoka nje akaita jina la mume wangu. Akaita tena.

Nilimkuta nyuma ya jengo, ameelekea ukuta. Mama alipoingia kwa mlango wa mbele, yeye alitoka kwa wa nyuma.

"Wanakuita. Twende."

"Mama ako iko ndani," akasema. "Niingie aje?"

Nilimvuta shati likachanika begani. Hakusogea. Ndani, DC alisema kwa Kiingereza kwamba mlalamikaji ameondoka mwenyewe, kesi imekwisha. Mkalimani alinieleza mimi mlangoni. Mama hakuelezwa na mtu.

Tulishika njia ya Bungoma kwenda kwa mama Kibabii, mama mbele, mume wangu nyuma kabisa, mimi katikati na sufuria kichwani, nimewakasirikia wote wawili. Mama akasimama bila kugeuka.

"Mwambie mumeo nimesema yote. Sasa mtavuna."

Nilirudi nyuma nikamwambia. Alishika lile shati begani.

"Mwambie mama nimeshukuru," akasema.

Nikaenda mbele kumwambia.